Mtoto wa Lamu mbele ya jopo la udaktari

Huku kwetu Lamu mtoto hufundishwa mapema kwamba mtu hajisifu. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza: methali hiyo nimeisikia kwa nyanya, kwa mwalimu wa chuo cha Kurani na kwa wazee wanaokaa Mkunguni tangu sijajua kusoma. Ukiulizwa na mkubwa unainamisha macho na kujibu kwa ufupi, na kama umetenda jambo jema unawaachia wengine walitaje. Ndiyo malezi yetu, nami najivunia kulelewa hivyo. Lakini naona vijana wetu wenye vichwa vizuri, wenye A za biolojia na kemia, wakienda na malezi hayo mbele ya jopo la chuo cha udaktari. Wanajibu kwa heshima, wanashukuru, wanaondoka, na hakuna mle ndani aliyejua kwamba amekaa na mtu wa aina gani.

Inaniuma, kwa sababu naamini malezi yale yale ndiyo yanayoweza kumtoa mtoto wa Lamu mbele ya wengine, akishajua ni wapi anyamaze na ni wapi aseme.

Nieleze kwanza ni nani anayeitwa. Ukitaka udaktari katika vyuo vya umma hapa Kenya, KUCCPS, shirika la serikali linalogawa nafasi za vyuo, linakupanga kwa alama zako za KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, na hakuna atakayetaka kukuona uso kwanza. Mahojiano yanawahusu walioomba vyuo vya nje, baadhi ya vyuo vya binafsi, na wanaotafuta ufadhili. Uingereza, kwa mfano, maombi ya udaktari hufungwa katikati ya Oktoba, unaruhusiwa kuomba udaktari katika vyuo vinne tu, na wito wa mahojiano huja zaidi katika miezi ya baridi kali kwao, ambayo kwetu ni kaskazi na mji umejaa wageni. Mimi nilipita njia ya namna hiyo, nikasoma, nikarudi nyumbani kufanya kazi. Siku hizi wanafunzi hunijia baada ya isha, tunapanda juu ya dari, tunafanya mazoezi.

Mahojiano yenyewe yako ya namna mbili. Ya zamani ni jopo: watu wawili au watatu mezani, wewe peke yako mbele yao, mnazungumza kwa muda mrefu kidogo. Oxford na Cambridge bado hufanya kwa namna inayokaribia hiyo, ingawa wao hupenda zaidi kukupa swali la sayansi usilolijua na kutazama unavyolitafuna. Ubaya wa jopo ulijulikana siku nyingi: likikupenda katika dakika za mwanzo, yaliyobaki yote yanakuwa mepesi, na lisipokupenda hakuna pa kukimbilia. Watafiti wa Chuo Kikuu cha McMaster, mjini Hamilton, Kanada, wakatafuta njia nyingine, na mwaka 2004 wakaichapisha. Badala ya jopo moja, mwombaji apite vituo vingi vifupi, kila kimoja na msaili wake na jambo lake. Wazo lilitoka kwenye mtihani wa vitendo wa wanafunzi wa udaktari ambao Ronald Harden aliuanzisha Dundee, Uskoti, katika miaka ya 1970. Vyuo vingi vya Kanada, Uingereza na Australia sasa vinafuata njia hii, inayojulikana kwa herufi MMI, kifupi cha Kiingereza cha “mahojiano mengi madogo madogo”. Unasimama nje ya mlango, unasoma maelezo dakika moja au mbili, unaingia, unazungumza kati ya dakika tano na kumi, kengele inalia, unahamia mlango unaofuata.

Aliyeko nyuma ya mlango wa tatu hajui umefanya nini kwenye mlango wa pili. Hilo nawakumbusha vijana wangu mpaka wanalichoka, maana wengi huingia kituo kinachofuata huku bado wanalia moyoni kwa kilichopita, na hapo wanapoteza viwili kwa mpigo mmoja.

Kuna kituo kimoja mashuhuri ambacho unatakiwa kumwelekeza mtu afanye kazi ya mikono bila kumwonyesha. Sisi tulikifanya kwa kamba. Kijana mmoja wa Matondoni, mtoto wa fundi wa majahazi, nilimkalisha ampe mgongo mpwa wangu, na mpwa wangu nikampa kamba na mguu wa meza. Kazi: amfundishe kufunga fundo analofungia mashua kwao. Fundo hilo analifunga gizani, kwenye mawimbi, kwa mkono mmoja. Akaanza.

“Pitisha hapa, halafu zungusha, halafu vuta.”

“Hapa wapi?” mpwa wangu akauliza.

“Hapo kwenye mguu. Zungusha, halafu ingiza chini.”

“Chini ya nini?”

Kijana akanyamaza. Mikono yake mwenyewe ilikuwa ikicheza hewani, inafunga fundo lisilokuwapo. Nikamwambia ashike magoti, aanze tena, na kila hatua asubiri jibu kabla hajasonga mbele. Mara ya pili alisema hivi: “Shika ncha ya kamba kwa mkono wa kulia. Umeishika? Sasa acha urefu wa kama dhiraa moja. Izungushe nyuma ya mguu wa meza, itokee kushoto kwako. Imetokea? Niambie unaona nini.” Mpwa wangu akamweleza anachokiona. Ilikuwa sivyo. Kijana hakumlaumu, alisema, “Basi hapo nimekueleza vibaya mimi, turudi nyuma hatua moja.” Fundo lilifungika. Lilikuwa limelegea kidogo, lakini lilikuwa fundo.

Wasaili wa kituo kile hawana haja na fundo. Wanatazama kama unagawa jambo vipande vipande, kama unauliza mwenzako amefika wapi, kama unabadilisha maneno anapokwama au unarudia yale yale kwa sauti kubwa zaidi. Kila anayefanya kazi wodini anajua kwa nini. Mgonjwa ametoka Kizingitini kwa mashua na atarudi kwa mashua. Ukimwambia dawa zake mbio mbio akaitikia “ndiyo” kwa adabu, hutamwona tena mpaka mambo yameharibika. Yule aliyemuuliza, “Hebu niambie wewe, hizi za asubuhi utazimezaje?” ndiye aliyemtibu.

Hapa ndipo naona hazina ya watoto wetu. Mtoto aliyekulia barazani kwa wazee anajua kusikiliza. Anajua kungoja mzee amalize, anajua kwamba mzee halisemi jambo lake kubwa kwanza, anasoma uso. Wenzao wa mijini wanalipia kozi kufundishwa hayo. Wa kwetu wanayo, kisha wakifika kwenye mahojiano wanayaficha, wanavaa Kiingereza cha kukariri na majibu waliyoyapata kwenye intaneti.

Niliona hivyo wazi siku tuliyofanya kituo cha maigizo. Kwenye kituo hiki chuo huweka mwigizaji, na wewe unaambiwa yeye ni nani na ana shida gani. Bibi mmoja jirani alikubali kuwa mgonjwa. Nilimpa kisa: ana kisukari, anadungwa insulini, Ramadhani imekaribia, anataka kufunga. Mpwa wangu alitakiwa azungumze naye. Msichana ana akili, na alikuwa amesoma. Akaanza kumwaga: sukari ikishuka utazimia, ikipanda utaishiwa maji mwilini, kwa hiyo haishauriwi. Yote ni kweli. Bibi akajifunga mtandio vizuri na kusema, “Mimi nafunga tangu sijavunja ungo. Yeo waniambia nile mtana, watu wanitazame?” Mpwa wangu akarudia hatari zile zile, taratibu zaidi. Bibi akageuza uso. Kisa kilikuwa kimekwisha na dakika zilikuwa bado.

Nikawaomba waanze upya, nikamwambia msichana asahau kwamba anapimwa. Zungumza na bibi wa mtaani kwako, basi. Akatulia, akavuta kiti kikawa karibu, akasema, “Bibi, mwaka uliopita ulifungaje?” Na bibi, ambaye kwa kweli ana sukari na hakuwa tena akiigiza, akaeleza kwamba alifunga, na alasiri moja alitetemeka mikono, akajilaza asijue mtu, hakuwaambia hata wanawe. Mpwa wangu hakuruka juu ya neno hilo. Aliuliza ilikuwaje, ilimtisha au la, na ni nini katika saumu anachoogopa zaidi kukikosa. Ikaja kwamba bibi haogopi njaa wala dhambi. Anaogopa kukaa peke yake wakati wa futari kama mtu asiyekuwa na haki nayo. Kutoka hapo walizungumza kweli: kwamba mgonjwa ana ruhusa katika dini yenyewe, kwamba anaweza kumuuliza shekhe anayemwamini, kwamba kama bado ataamua kufunga basi aonane na daktari wake wiki kadhaa kabla ili dawa zipangwe upya, apime sukari mchana, na wakubaliane ni dalili gani zikija anafungua papo hapo bila kungoja adhana.

Mwombaji hatakiwi kujua kipimo cha insulini. Hajasoma udaktari bado, na akijifanya anakijua atapunguziwa alama. Wanachotaka ni kuona kwamba ameshika pande zote: uamuzi ni wa mgonjwa, madhara ni lazima yaelezwe bila kufichwa, manufaa yatafutwe, na mtu asidharauliwe kwa imani yake. Vitabu vya maadili ya tiba huyapa mambo hayo majina, na ni vizuri kuyajua majina. Ila nimewasikia vijana wakiyataja yote manne kama dua, kisha hawamuulizi mgonjwa swali hata moja.

Sasa lile la kujisifu. Msaili akikuuliza, “Tuambie wakati ulipomsaidia mtu,” mtoto wa Lamu hujibu kwamba tulimpeleka, tulikaa naye, tulichangisha. Ni adabu kushirikisha wenzako. Lakini mwenye kalamu anataka kujua wewe ulifanya nini, na hana pa kuandika alama za kijiji kizima. Njia ninayowapa ni kusema tendo lenyewe, wazi, bila sifa. Binti mmoja wa kutoka Faza alisindikiza shangazi yake mwenye uchungu wa uzazi usiku, maji yakiwa yamekupwa, mashua ikawa haiwezi kusogea ufukweni. Mwanzoni alieleza hadithi hiyo kana kwamba hakuwako. Nilimbana kwa maswali mpaka ikatoka: yeye ndiye aliyeshika taa, yeye ndiye aliyempigia muuguzi simu kumwambia wanachelewa na uchungu unakuja kila baada ya muda gani, yeye ndiye aliyekuwa akihesabu. Hakuna neno la kujisifu hapo. Kasema alichofanya, na anayesikia ataamua mwenyewe kama ni chema. Basi hata methali haikuvunjwa.

Na akimaliza hadithi asikimbilie kusema kwamba tangu siku ile alijua atakuwa daktari. Aseme kilichomsumbua. Binti huyu alisumbuliwa na jambo hili: muuguzi alijua la kufanya, mashua ilikuwapo, pesa za mafuta zilipatikana, na bado walisubiri maji yajae. Alitaka kujua nani katika kaunti anapanga mambo ya namna hiyo, na kama saa za kupwa na kujaa huingizwa katika mipango ya rufaa ya kina mama wa visiwani. Mtu wa miaka kumi na minane aliyefikia swali hilo peke yake, mimi ningempa nafasi kesho.

Kuna jambo moja katika hadithi kama hizi ambalo vijana wa miji mikubwa hawalipati, nalo ni siri. Tunaambiwa tukitaja mgonjwa tuondoe jina. Kwa Nairobi huenda inatosha. Kwa Lamu, ukisema “mzee mmoja wa Shela mwenye duka la vitambaa aliyekatwa mguu,” umeshamtaja kwa jina na ukoo. Niliwahi kumsikia mwombaji akisimulia mazoezini kisa cha mgonjwa ambaye watu watatu juu ya dari walimtambua kabla hajamaliza sentensi ya pili. Tulisimamisha kila kitu tukazungumza juu ya hilo muda mrefu. Mtaa, kazi, umri, ugonjwa wenyewe: badilisha au acha. Tena ukiwa kwenye mahojiano, mwambie msaili umebadilisha mambo kadhaa kwa sababu kwenu ni mji mdogo na watu wanajuana. Maneno hayo machache yanaonyesha kwamba umeshaishi na tatizo la usiri, huku wenzako wamelisoma tu.

“Kwa nini daktari na si muuguzi?” Swali hili huulizwa sana, na jibu la “napenda kusaidia watu” linaanguka hapo hapo, kwa sababu muuguzi anasaidia watu, na katika zahanati zetu za visiwani mara nyingi ni yeye aliyeko saa nane za usiku. Ole wako ukimshusha muuguzi ili umpandishe daktari. Waone kazini. Kaa hospitalini, omba ruhusa ya kufuatana na wahudumu, au jitolee hata kubeba masanduku na wale wanaozunguka vijijini, kama Safari Doctors wa Umra Omar wanaofikisha huduma kwenye vijiji vya mbali vya kaunti hii. Ukishaona daktari akibeba uamuzi wa kumpeleka mgonjwa Mombasa au kumbakisha, bila uhakika, na kuwa yeye atakayeulizwa baadaye, utajua kama ndicho unachokitaka. Nami nakwambia wapo walioona wakagundua moyo wao uko kwenye uuguzi au maabara, wakaenda huko, na wanafanya kazi nzuri.

Maswali ya mambo ya nchi usiyapuuze. Wakikuuliza kama daktari ana haki ya kugoma, usijibu kwa hisia tu. Kenya imekuwa na mgomo wa siku 100 uliomalizika Machi 2017, juu ya makubaliano ya mwaka 2013 ambayo hayakutekelezwa, na mwingine wa siku 56 mwaka 2024, ambapo malipo ya madaktari wanagenzi, waliomaliza chuo na wako kwenye mafunzo ya kazini, yalikuwa katikati ya ugomvi. Jua hayo, kisha fikiria mgonjwa wa Kiunga aliyekuta mlango umefungwa, na pia daktari kijana asiyelipwa mshahara, huku kodi ya nyumba ikimngoja. Toa msimamo. Kukaa katikati mpaka kengele ilie ni kukwepa.

Kuhusu mahojiano ya mtandaoni niseme machache. Saa tatu asubuhi ya London katika msimu wao wa baridi ni saa sita mchana yetu; andika saa zote mbili ukutani, na mwonyeshe mtu mwingine ahakikishe. Adhana ya adhuhuri itakukuta katikati, kwa hiyo chagua chumba cha ndani. Ikiingia, omba radhi kwa sauti hiyo mara moja na uendelee. Punda wakipiga kelele kichochoroni ni hivyo hivyo. Jaza chaji, weka bando kwenye simu ya pili, umeme una mambo yake. Tazama kamera. Najua macho yako yanataka kushuka mbele ya wakubwa, lakini kwenye kioo wao wanaona utosi tu. Kanzu, kofia, mtandio, buibui: vaa kama unavyovaa ukienda mahali pa heshima. Hakuna haja ya kuazima suti ya mtu.

Mwishoni, kwenye jopo hasa, watakuuliza kama una swali. Wengi husema hapana, asante, wakidhani ndiyo adabu. Usiulize lililoko kwenye tovuti yao, wala usiulize ili kuonekana una akili. Uliza unalotaka kulijua kweli. Binti wa Faza aliuliza: mwanafunzi ambaye Kiingereza ni lugha yake ya tatu, mnamsaidiaje kuzungumza na mgonjwa mzee wa kwenu anayetumia lahaja ya kijijini? Mmoja wa wale maprofesa, aliniambia, aliweka kalamu chini akaanza kumweleza juu ya wagonjwa wake mwenyewe ambao hata yeye huwa hawaelewi vizuri, na waliendelea hivyo, wakiulizana, mpaka mwenzake akakumbusha kwamba kuna mwombaji mwingine anasubiri.